Gavana wa Aceh aliyetoka gerezani na kurudi gerezani

Usiku wa tarehe 3 Julai 2018, maofisa wa tume ya kupambana na rushwa ya Indonesia, KPK, walimkamata gavana wa Aceh, Irwandi Yusuf, mjini Banda Aceh. Zilikuwa zimebaki siku mbili atimize mwaka mmoja tangu aapishwe kwa muhula wake wa pili. Kesho yake alisafirishwa hadi Jakarta, na muda si mrefu picha zake zikasambaa akiwa amevaa kizibao cha rangi ya chungwa wanachovishwa watuhumiwa wa tume hiyo.

Kwa anayefuatilia habari za Indonesia kwa mbali, tukio hilo linaonekana la kawaida. Magavana, mameya na wakuu wa wilaya wengi wa nchi hiyo wamewahi kuishia mikononi mwa KPK. Lakini Irwandi hafanani na wengi wao. Ni daktari wa mifugo aliyegeuka mwasi, akafungwa kwa uhaini, akanusurika na tsunami akiwa ndani ya gereza, akawa mjumbe wa waasi katika kusimamia amani, kisha akawa gavana wa kwanza wa Aceh kuchaguliwa na wananchi kwa kura zao wenyewe. Ukimfuata mtu huyu hatua kwa hatua unaona jambo ambalo takwimu za amani hazilionyeshi: ugomvi wa Aceh ulihama kutoka msituni kwenda kwenye sanduku la kura, kisha ukahamia kwenye bajeti. Bajeti ndiyo iliyomwangusha.

Aceh iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra. Ilikuwa usultani wenye nguvu uliopigana na Waholanzi kuanzia mwaka 1873 kwa miongo kadhaa, na watu wake hawajasahau. Baada ya uhuru wa Indonesia, Waaceh waliona ahadi walizopewa hazitimizwi. Mwaka 1953 Daud Beureueh aliongoza uasi wa silaha, na mwaka 1959 Jakarta ikatuliza hali kwa kuipa Aceh hadhi ya eneo maalumu. Hadhi hiyo ilibaki zaidi kwenye karatasi. Mwaka 1971 ikagunduliwa gesi nyingi huko Arun, karibu na mji wa Lhokseumawe, na kabla ya muongo kwisha ilikuwa ikisafirishwa kwa meli kwenda nje. Fedha zikaenda Jakarta, na vijiji vilivyozunguka mitambo vikabaki na umaskini wake.

Tarehe 4 Desemba 1976 Hasan di Tiro alitangaza uhuru wa Aceh na kuanzisha harakati iliyokuja kujulikana kama GAM. Yeye na viongozi wenzake walikimbilia Sweden na kuongoza kutoka huko. Kati ya mwaka 1989 na 1998 Aceh ilitangazwa kuwa eneo la operesheni za kijeshi, na wananchi wa kawaida ndio walioumia zaidi: kuuawa, kuteswa, kupotea. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 15,000 walikufa katika vita hivyo vya karibu miaka 30.

Mwalimu wa chuo kikuu ndani ya uasi

Irwandi alizaliwa Bireuen mwaka 1960. Alisomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Syiah Kuala, Banda Aceh, akabaki hapo kuwa mhadhiri, kisha akaenda Marekani kuchukua shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha jimbo la Oregon. Mtu wa wasifu huo angeweza kuishi salama kwa mshahara wa serikali. Badala yake alijiunga na GAM na kufanya kazi za propaganda na ujasusi, kazi zinazohitaji mtu anayejua lugha, kompyuta na namna ya kuongea na wageni.

Mwaka 2003 mazungumzo ya amani yalivunjika, Jakarta ikatangaza utawala wa kijeshi Aceh, na Irwandi akakamatwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka 9 kwa uhaini, akapelekwa gereza la Keudah mjini Banda Aceh, si mbali na bahari. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ikaufikia mji. Maji yalipojaa ndani ya gereza alipanda juu, akavunja dari na kutokea kwenye paa. Wafungwa wengi walikufa. Katika mkoa mzima waliokufa au kutoweka ni watu zaidi ya 160,000.

Irwandi alitoka Aceh, akapita Jakarta na kwenda ng'ambo kujiunga na viongozi wa GAM. Watu hupenda kusema kwamba tsunami ndiyo iliyoleta amani. Sikubaliani nao moja kwa moja. GAM ilikuwa imeshapigwa vibaya kijeshi, serikali mpya ya Rais Susilo Bambang Yudhoyono na makamu wake Jusuf Kalla ilikuwa imeshaanza kutafuta njia ya kuzungumza, na maafa yale yakaongeza haraka na kuzipa pande zote mbili sababu ya kukubali mambo ambayo zamani yangeitwa usaliti.

Mapatano yalitiwa saini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005, chini ya usuluhishi wa Martti Ahtisaari, rais wa zamani wa Finland. GAM iliacha dai la uhuru kamili na kukubali kukabidhi silaha 840. Serikali iliondoa sehemu kubwa ya wanajeshi wake, ikatoa msamaha kwa wafungwa wa kisiasa na kuahidi utawala mpana wa ndani. Umoja wa Ulaya na nchi kadhaa za ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-mashariki mwa Asia, zikatuma waangalizi, na mwakilishi wa GAM mbele ya waangalizi hao alikuwa Irwandi. Kwa miezi mingi yeye ndiye aliyekaa mezani na majenerali waliokuwa wakimtafuta, akihesabu nao bunduki. Waaceh walimwona kwenye televisheni na magazetini akifanya kazi hiyo. Sidhani kama kuna kampeni yoyote ambayo ingemjulisha kwa wapiga kura vizuri kuliko hiyo.

Mlango wa mgombea binafsi

Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana neno gavana halina uzito mmoja kila mahali. Indonesia ina mikoa 38, na kila mkoa una gavana. Huyu hafanani na mkuu wa mkoa wa Tanzania anayeteuliwa na Rais. Yuko karibu zaidi na gavana wa kaunti ya Kenya, kwa kuwa tangu mwaka 2005 anachaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa miaka mitano, na hawezi kupita mihula miwili. Chini ya mkoa kuna wilaya na miji, ambayo nayo huchagua viongozi wake. Tofauti na Kenya ni kwamba nchini Indonesia madaraka mengi ya kila siku, kama shule za msingi, zahanati na barabara ndogo, yako kwa wilaya na miji. Gavana hukaa katikati: Jakarta juu yake, wakuu wa wilaya waliochaguliwa chini yake, kila mmoja na kura zake mfukoni.

Kizuizi kikubwa kilikuwa vyama. Sheria ya Indonesia inataka chama cha siasa kiwe na matawi katika sehemu kubwa ya nchi, sharti ambalo linafanya chama cha mkoa mmoja kisiweze kusajiliwa. Na kugombea ugavana kulihitaji kupendekezwa na chama au muungano wa vyama. Mapatano ya Helsinki yalivunja sharti hilo kwa Aceh peke yake. Sheria namba 11 ya mwaka 2006 kuhusu serikali ya Aceh iliruhusu vyama vya mkoa na mgombea binafsi. Watanzania waliofuatilia kesi ya Mchungaji Mtikila, hadi Mahakama ya Afrika kule Arusha ilipotoa uamuzi mwaka 2013, hawahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo ni zito.

Vyama vya mkoa vilikuwa bado havijaundwa uchaguzi wa Desemba 2006 ulipofika, kwa hiyo wagombea wenye asili ya GAM waliingia kama binafsi. Na hapo GAM ikagawanyika. Wazee waliorudi kutoka Sweden, Malik Mahmud na Zaini Abdullah wakiwa mbele, waliunga mkono jozi iliyosimamishwa na chama cha kitaifa, ambapo mgombea mwenza alikuwa mdogo wake Zaini. Makamanda wengi wa wilayani, waliokaa msituni wakati wazee wako Ulaya, walimtaka Irwandi, aliyesimama na Muhammad Nazar, mwanaharakati aliyepata jina kwa kudai kura ya maoni. Tarehe 11 Desemba 2006 Irwandi alipata zaidi ya asilimia 38 ya kura katika kinyang'anyiro cha jozi nane na kushinda katika duru ya kwanza. Jozi ya wazee ilipata chini ya nusu ya kura zake.

Aliapishwa Februari 2007. Miezi michache baadaye, Julai, Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba kilichoruhusiwa Aceh hakiwezi kunyimwa mikoa mingine, na mgombea binafsi akaruhusiwa nchi nzima. Jambo lililoanza kama tone la kuwatuliza waasi likawa haki ya kila raia wa Indonesia, na kwangu hilo ni miongoni mwa matunda makubwa ya mapatano yale, ingawa ni nadra kutajwa.

Muhula wa kwanza

Irwandi alipendwa kwa namna alivyojibeba. Aliendesha gari lake mwenyewe, aliongea waziwazi, alikuwa na mazoea ya kufika mahali bila msafara. Lakini sifa kubwa ya muhula huo ni bima ya afya. Mwaka 2010 mkoa ulianzisha JKA, mpango uliomwezesha kila mkazi wa Aceh kutibiwa bure kwa kuonyesha kitambulisho chake, tajiri na maskini sawa, bila kuomba barua ya umaskini kwa ofisa yeyote. Indonesia yote ilipata bima ya taifa ya namna hiyo mwaka 2014. Kwa mkoa uliotoka vitani na tsunami, ambako watu walikuwa wamezoea serikali inayokuja na bunduki, kupewa matibabu kwa kitambulisho kilekile walichokuwa wakidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani kulikuwa na maana kubwa. Wanaomchukia Irwandi hadi leo wanakubali kwamba hilo alilifanya.

Alisimamisha ukataji wa magogo mwaka 2007. Mwaka 2009 bunge la mkoa lililokuwa linamaliza muda wake lilipitisha sheria ya jinai iliyojumuisha adhabu ya kupigwa mawe hadi kufa kwa wazinzi. Irwandi alikataa kuitia saini. Msimamo huo haukuwa rahisi katika mkoa ambao sheria za Kiislamu ni sehemu ya utambulisho wake, na angeweza kupata kura nyingi kwa kusaini tu.

Halafu ukaja mwaka 2011. Agosti mwaka huo, gavana yuleyule aliyejulikana kwa kutetea misitu alitoa kibali kwa kampuni ya Kallista Alam kupanda michikichi katika hekta zaidi ya 1,600 za kinamasi cha Rawa Tripa, makazi ya sokwe wa orangutani ambao wamebaki wachache duniani. Wanaharakati wa mazingira walikwenda mahakamani na kibali kikafutwa mwaka 2012, Irwandi akiwa hayupo tena madarakani. Nimesoma maelezo mengi ya utetezi wa uamuzi ule na hakuna lililonishawishi. Uchaguzi ulikuwa unakaribia; kama hilo lilihusika au la, doa lilibaki.

Wakati huohuo wazee wa GAM walikuwa wamejipanga. Chama chao, Partai Aceh, kilipata karibu nusu ya kura za bunge la mkoa mwaka 2009. Hasan di Tiro alifariki Juni 2010, na waliobaki wakadai kuwa warithi wake halali. Walipinga hata mgombea binafsi aruhusiwe tena, wakisema sheria ya 2006 ilimpa nafasi mara moja tu. Mahakama ya Katiba ilikuwa imeshakifuta kifungu hicho mwishoni mwa 2010, na mvutano ukaahirisha uchaguzi zaidi ya mara moja. Katikati ya mvutano huo watu walipigwa risasi, wakiwemo vibarua waliotoka Java ambao hawakuwa na chochote katika ugomvi wa Waaceh. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika historia nzima ya baada ya Helsinki: walioteseka walikuwa tena watu wa mshahara wa siku.

Aprili 2012 Zaini Abdullah, akiwa na kamanda wa zamani wa jeshi la GAM Muzakir Manaf kama mgombea mwenza, alishinda kwa zaidi ya asilimia 55. Irwandi alipata kama asilimia 29. Siku ya kuapishwa kwa Zaini Irwandi alikwenda kwenye sherehe kama gavana wa zamani, na kundi la watu likampiga.

Fedha za amani

Mbona alirudi? Aliunda chama chake cha mkoa, PNA, akasubiri. Zaini na Muzakir waligombana wakiwa ofisini, na uchaguzi wa Februari 2017 wakaingia kila mmoja kivyake. Irwandi safari hii hakusimama kama mgombea binafsi; alijenga muungano wa vyama, na mgombea mwenza, Nova Iriansyah, alitoka chama cha Demokrat cha Yudhoyono. Alishinda kwa takriban kura 899,000, asilimia 37, akimwacha Muzakir na karibu asilimia 32.

Kilichobadilika tangu 2006 ni fedha. Kwa mujibu wa sheria ileile ya 2006, kuanzia mwaka 2008 Aceh ilipewa fungu la utawala maalumu: sawa na asilimia 2 ya mgao mkuu ambao serikali ya taifa huupeleka mikoani na wilayani, kwa miaka 15, kisha asilimia 1 kwa miaka mitano ya mwisho. Mwaka 2018 fungu hilo lilikuwa takriban rupia trilioni 8, zaidi ya nusu ya bajeti ya mkoa. Ni fedha za kujenga upya mkoa uliobomoka. Lakini Machi 2017 umaskini wa Aceh ulikuwa karibu asilimia 17, wa juu kuliko mkoa wowote wa Sumatra. Sababu moja inajulikana na kila mtu huko: sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye ujenzi, na ujenzi ni tenda. Baada ya amani wapiganaji wengi wa zamani walisajili kampuni za ukandarasi. Waliopigana pamoja, waliofanya kampeni pamoja, wanatarajia kazi pamoja.

Mfumo wenyewe ulisaidia hilo. Miradi ilikuwa inafanyika wilayani, lakini kuidhinishwa na kupewa mkandarasi kulipitia kwa watu wa mkoa. Mkuu wa wilaya aliyetaka kandarasi ziende kwa watu wake alilazimika kuongea na watu wa gavana. Kwenye mazungumzo ya namna hiyo kuna asilimia inayotajwa, na kila anayepita katikati anakata yake.

Irwandi alianza muhula wa pili akipigana na bunge la mkoa, ambamo Partai Aceh ilikuwa na viti vingi. Walishindwa kukubaliana kuhusu bajeti ya 2018, na mwezi Machi akaipitisha kwa kanuni ya gavana bila bunge. Mwezi uliofuata alisaini kanuni ya kuhamishia adhabu ya viboko ndani ya magereza, isifanyike tena mbele ya umati na kamera, na wapinzani wakamshambulia kwa hilo pia. Julai akakamatwa.

Mahakama ya rushwa ya Jakarta ilimhukumu Aprili 2019 kifungo cha miaka 7. Ilimkuta na hatia ya kupokea, kupitia wasaidizi, rupia bilioni 1.05 kutoka kwa mkuu wa wilaya ya Bener Meriah, Ahmadi, ili wakandarasi wa wilaya hiyo wapate miradi ya fungu la utawala maalumu, na pia kupokea zawadi za fedha zisizotangazwa zilizofikia karibu rupia bilioni 8.7. Shtaka kubwa zaidi, la zaidi ya rupia bilioni 32 kuhusu ujenzi wa gati la Sabang wakati wa muhula wa kwanza, mahakama ilisema halikuthibitishwa. Sehemu ya fedha za Bener Meriah, kwa mujibu wa waendesha mashtaka, ilikwenda kulipia medali na fulana za mbio za marathoni zilizopangwa kufanyika Sabang. Irwandi alikana tangu mwanzo, akisema hakuwahi kumwagiza mtu yeyote kudai fedha. Rufaa iliongeza adhabu hadi miaka 8, na Mahakama ya Juu ikairudisha kwenye 7. Aliachiwa kwa masharti Oktoba 2022.

Mashabiki wake husema alitegwa kwa sababu alikuwa na maadui wengi. Maadui alikuwa nao, lakini ushahidi wa mazungumzo ya simu na njia za fedha ulisikilizwa mahakamani na majaji wa ngazi tatu wakaukubali. Wapinzani wake nao husema hakuwahi kuwa tofauti na wengine. Hilo pia halisimami: mtu aliyeanzisha JKA na kukataa kusaini sheria ya kupiga mawe hakuwa sawa na wengine. Nionavyo mimi, alipoingia 2006 hakuwa na chama, hakuwa na muungano, na deni lake lilikuwa kwa wapiga kura na makamanda wachache. Alipoingia 2017 alikuwa na vyama vya kulisha, bunge la kupambana nalo na jeshi la wapambe waliongoja tangu 2012. Hiyo haimwondolei hatia. Inaeleza kwa nini kumfunga yeye hakukubadilisha namna fedha zinavyogawanywa.

Nova alimaliza kipindi kilichobaki. Februari 2025 aliyeapishwa kuwa gavana ni Muzakir Manaf, kamanda wa zamani aliyeshindwa na Irwandi miaka minane kabla. Amekuta fungu la utawala maalumu limeshashuka hadi asilimia 1 tangu 2023, na kwa sheria ilivyo linakoma 2027. JKA inategemea fungu hilo. Mwaka 2022 serikali ya mkoa na bunge walijaribu kuisimamisha ili kubana matumizi, na kelele za wananchi zikawalazimisha kuiacha iendelee. Waaceh waliopiga kelele ni pamoja na waliompa Irwandi kura na wasiompa, na sasa wanaidai Jakarta ibadilishe sheria ya 2006 ili fungu lisikatike.